Programu Aliyoichapa Selpha

Selpha Adero alifukuzwa kazi ya uchapaji kwa sababu ya mikono. Ugonjwa wa akili ulikuwa umemlaza hospitalini zaidi ya mara moja, na dawa zilizomtuliza kichwa ziliifanya mikono itetemeke. Kwenye taipureta kidole kikiteleza, kosa limekaa karatasini na kila mtu analiona. Mkubwa wake alivumilia kidogo, kisha akamwambia aende akapumzike. Watu hulipenda sana neno hilo wakitaka kukuondoa machoni pao.

Mimi ni jirani yake hapa Kaloleni, Kisumu. Mwaka wa 1995 nilikuwa nikipika uji katika ukumbi wa kanisa, ambako Mwalimu Walubengo alifundisha kompyuta watu wazima waliowahi kuugua kama Selpha. Kompyuta zenyewe zilikuwa tatu, kuukuu, zimefunikwa vitambaa vya kufuma, na ukiingia lazima uvue viatu. Viatu vilikuwa na kosa gani sijui. Hata mimi na sufuria yangu nilivua.

Siku ya kwanza Selpha alikosea neno akashtuka, akageuka kuona nani amemwona.

"Futa tu, Mama," mwalimu akamwambia.

Akabonyeza, kosa likatoweka. Akakosea tena, makusudi, akafuta. Akaanza kucheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu atoke hospitali, na siku hiyo uji uliungua mimi nikimtazama.

Ila kaka yake Gordon, mwalimu wa shule kule Pap Onditi, alikuwa na mpango mwingine. Kwake ugonjwa wa Selpha ulikuwa aibu. Mtu akimwuliza habari za dada yake, alijibu kwamba amesafiri. Safari gani hiyo isiyokwisha? Kodi ya chumba alilipa yeye, kwa hiyo alisema mwezi huo atamrudisha nyumbani, akae kimya nyuma ya jiko la mama yao, darasa lenyewe likiwa katikati. Selpha alilia. Hakuna aliyemwuliza anataka nini.

Hapo baba yao mdogo, Mzee Opiyo, akafariki, na Gordon akapewa kazi ya programu ya mazishi. Wachapaji wa mjini walikuwa wamezidiwa, na mazishi ni Jumamosi. Alhamisi akaja ukumbini amenuna.

"Nyaminwa, chapa hii vile iko," akamwambia, yaani dada kwa Kijaluo. "Usiongeze kitu."

Selpha akachapa vilevile. Na Gordon, kwa usomi wake, alikuwa amewapanga watoto wa marehemu kwa umri. Mzee aliacha wake wawili. Perez, mke mkubwa, ambaye Wajaluo humwita mikayi, alikawia kupata watoto, hivyo wale wa Awuor, mke mdogo, wakatangulia kuzaliwa. Lakini boma halipangwi hivyo. Nyumba ya mikayi hutajwa kwanza, hata kama kifungua mimba wake bado ananyonya. Mimi Mluhya nalijua hilo, Gordon akalisahau.

Ijumaa asubuhi Mama Perez alikuja Kisumu kuuchukua mwili, akapitia ukumbini, akamkuta Gordon, akaomba programu. Akaisoma polepole.

"Gordon, mimi niliolewa na Opiyo ama nilikuja kutembea tu?" akauliza. "Kama karatasi iko hivi, mimi sikai karibu na jeneza. Mzike na huyo mmeandika kwanza."

Mikayi akikataa kukaa kando ya jeneza, hapo hakuna mazishi, kuna vita. Gari la kubeba mwili lilikuwa nje linangoja, na Gordon anaongea habari za kutafuta mchapaji wa kuanza upya.

"Mama, kuja hapa uone," Selpha akasema. "Vua viatu kwanza."

Mama Perez akavua. Mikono ya Selpha ikatetemeka, herufi zisizotakiwa zikaingia, akazifuta bila kusita. Akaitoa nyumba nzima ya Perez, watoto na wajukuu, pakabaki patupu.

"Watoto wangu umepeleka wapi?"

"Ngoja, Mama."

Akabonyeza tena. Nyumba yote ikatokea juu ya ile ya Awuor, hakuna jina lililopungua. Mama Perez akacheka, na bado hajamzika mume.

Jumamosi nilikuwepo. Mazishi yalikwenda bila neno baya, Mama Perez amekaa mbele, programu mkononi. Mwishowe mwendesha shughuli akauliza nani aliyechapa, kwa kuwa kanisa lao lilikuwa linatafuta mtu wa kazi hiyo.

"Ni Selpha," Mama Perez akasema. "Gordon, mwite watu wamwone."

Selpha alikuwa jikoni, nyuma, alikowekwa na Gordon. Gordon akapewa kipaza sauti.

"Ni dada yangu," akasema. "Anafanya kazi ya kompyuta Kisumu."

Kazi yenyewe hakuwa nayo bado. Lakini jambo likishatamkwa mazishini, ukoo mzima ukisikia, halirudi tumboni. Selpha akaja akasimama kando ya Mama Perez, mikono ikitetemeka mbele ya watu wote, wala hakuificha. Nilipiga kigelegele pale mazishini, na sijuti.

Kesho yake Gordon ndiye aliyembebea mkoba mpaka kwenye basi la Kisumu. Akamwuliza darasa linaanza saa ngapi.

"Saa mbili," Selpha akamjibu. "Na ukija, vua viatu."