Mwendo Usiosindikizwa

Siku yangu ya kwanza kazini, Meja aliyeongoza kikosi cha kutegua mabomu wilayani Ngara alinikabidhi kitabu cha Kiingereza chenye jalada la kijivu, akaniambia, "Mwalimu, kitafsiri hiki kwa Kiswahili ambacho mkulima wa Keza atakielewa. Usiniandikie Kiswahili cha mtihani."

Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nikiamini kwa moyo wote kwamba jambo jema likielezwa vizuri litafuatwa. Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Baadhi ya waliovuka mpaka walifukia silaha vichakani kabla ya kufika kambini, kwa hofu ya kupekuliwa, na silaha hizo zikabaki zikisubiri jembe la mtu asiye na ugomvi na yeyote. Mimi ni mzaliwa wa Mugoma, humo humo wilayani. Nilijua Kihangaza na Kirundi, nikaajiriwa kuwa mkalimani na mfasiri wa kikosi.

Istilahi nyingi hazikunisumbua. Pini ni kile kipande cha chuma kinachozuia bomu la mkono lisiamke. Eneo la hatari ni mduara tunaouzungushia kamba na vitambaa vyekundu. Lakini katika ukurasa mmoja nilikuta maneno matatu mepesi, the long walk, nami nikaandika bila kusita: matembezi marefu.

Sajenti, ambaye ndiye aliyekuwa mteguaji wetu, alisoma juu ya bega langu akacheka mpaka akakaa chini. Alikuwa Msubi wa Biharamulo, na utani na sisi Wahangaza haukumwishia.

"Matembezi? Mwalimu, unadhani nakwenda harusini?"

"Basi niambie wewe ni nini."

"Ni kutoka kwenye kamba mpaka kwenye bomu. Mita mia mbili hivi."

"Mita mia mbili si mwendo mrefu."

Meja, aliyekuwa akisaini karatasi mezani, alisema bila kuinua kichwa, "Acha nafasi wazi hapo. Utaijaza ukishauona."

Baadaye alinieleza matumizi yake. Maneno hayo hayatumiki kwa kila safari ya kulielekea bomu, bali kwa ile moja tu, ambayo mteguaji anaifanya peke yake baada ya watu wote kuondolewa. Kanuni inataka mmoja, ili likilipuka limchukue mmoja. Mwenye kwenda hageuki nyuma, na akisikia mtu ndani ya kamba lazima arudi na kuanza upya, kwa sababu hawezi kugusa bomu huku akilini ana mtu mwingine wa kumlinda. Nilielewa kila neno, na nafasi ile nikaiacha wazi.

Wito ulitoka Keza. Bibi mmoja mjane, akilima maharage chini ya migomba yake, alikuwa amefukua bomu la mkono ambalo pini yake ilikuwa imeliwa na kutu. Alilifunika kwa chungu.

"Kwa nini chungu, bibi?" nilimuuliza baada ya shikamoo.

"Kuku wangu wanachakura kila kitu, mwanangu. Niwaache wafe?"

Tulifunga kamba, tukawakusanya majirani nyuma yake, nami nikasimama kuwaeleza kwa Kihangaza. Hapo ndipo nilipokosea. Nilitaka kumpa Sajenti heshima mbele ya watu, nikasema, "Mgeni wetu sasa anashuka shambani kwa bibi. Ataondoa ile hatari. Msivuke kamba." Nilimwita mgeni. Mimi, niliyelelewa kwetu, nilisahau kwamba mgeni kwetu haachwi aondoke peke yake. Mwenye nyumba huinuka akamsindikiza, hata akiwa mgonjwa.

Sajenti alianza kushuka, akiwa na mkoba wa baruti begani. Nilikuwa nikitazama visigino vyake nilipoona kitenge cha bluu kimepita mbele yangu. Bibi alikuwa ameinama chini ya kamba na alikuwa akimfuata, taratibu, mikono nyuma, kama mtu anayemtoa mgeni hadi njia panda.

"Bibi, rudi!" nilipaza sauti.

"Nakuja, nakuja. Namfikisha tu."

Niliushika mti uliofungiwa kamba. Kanuni ilinikataza kuvuka. Sajenti alisimama. Pasipo kugeuka, aliinua mkono mmoja juu, tukanyamaza wote. Kisha akaugeuza mwili wake, akapanda mpaka alipo bibi, akavua kofia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona umerudi? Umesahau kitu?"

"Nimekuja kukuchukua. Huko nakwenda mwenyewe."

"Peke yako? Kwenye shamba langu? Watu watasema nini?"

"Watasema Wahangaza mnasindikiza hata kuku." Aliposema hivyo, majirani wakacheka kwa woga. "Bibi, ukija nyuma yangu, mikono yangu itakuwa inakufikiria wewe."

"Kwenda, nimekubali," bibi alisema. "Kurudi, hapana. Kurudi nitakuja kukupokea."

Sajenti alimshika mkono akamfikisha kwenye kamba, akamkabidhi kwangu. Halafu akaanza upya. Na hilo ndilo lililonishangaza, na hunishangaza hata leo: alikuwa ameshafika nusu ya njia, mwili wake ulishajua uzito wa zile hatua, naye akazirudia moja baada ya nyingine. Tulimwona akipiga magoti na kukiinua chungu kwa mikono miwili, kama mtu anayeepua uji. Alitega baruti, akarudi hadi kwenye handaki tulilochimba nyuma ya kamba, na mlipuko ukapasua migomba minne. Alishuka tena peke yake kuhakikisha hakuna kilichosalia, kisha akapunga kitambaa cheupe.

Bibi hakungoja ruhusa yetu. Alimpokea katikati ya shamba na kibuyu cha maji, wakapanda pamoja, wakaipita kamba, wakaipita nyumba, mpaka barabarani. Lori la jeshi lilienda nyuma yao mwendo wa konokono, na Meja aliyekuwa ndani yake hakuthubutu kupiga honi.

Jioni ile niliijaza nafasi: mwendo usiosindikizwa. Meja aliisoma mara mbili, akaipigia muhuri.

Nilihamishiwa Biharamulo, nikatumikia wakuu wengine watatu, na vijana wengi wameisoma istilahi hiyo bila kujua ilikotoka. Siku nilipostaafu nilitoka ofisini na sanduku la vitabu, nikamkuta Sajenti, mzee mwenye mvi, amekaa langoni.

"Lete sanduku, Mwalimu."

Alinifikisha kituoni. Nilimwambia inatosha, nyumbani kwake ni hapo hapo. Akapanda basi pamoja nami.

"Mmeniharibu ninyi Wahangaza," alinung'unika, na hakushuka mpaka Nyakahura, mbali njiani kuelekea kwetu Ngara.

Basi lilipoondoka alikuwa amesimama kando ya gulio, kofia mkononi. Yeye alikuwa na kanuni ya kutogeuka. Mimi niligeuka, nikamtazama mpaka barabara ilipopinda.