Siku Gurudumu Liliponitupa kwa Mama Mkwe

Jamani, kuna aibu ukiikumbuka hata uko peke yako unafunika uso, na yangu nimeibeba tangu miaka ile ya sabini, nikiwa mwalimu kijana wa fizikia Mpanda, nimemchumbia Skola, binti wa mrina asali wa Ugalla, na wazazi wake wamekuja shuleni siku ya wazazi wanitazame vizuri kabla ya kutoa jibu.

Nikataka kuwaonyesha akili. Nililaza gurudumu la mkokoteni, nguzo ikapita kwenye tundu lake la katikati, nikapanda juu nimeshika nguzo hiyo, wanafunzi wakanizungusha, nikatangaza kwamba kitu kinachozunguka kikidaka kilichotulia vinagawana mwendo, kwa hiyo nikipokea mzigo gurudumu litapungua kasi. Jiwe la mfano lilikuwa tayari pale chini (laiti ningelitumia!), lakini nikaona kibuyu cha asali alichokuja nacho baba mkwe, nikasema ngoja nimpe heshima.

"Baba, naomba unipe hicho."

Akaninyooshea. Sasa nyie mnajua, cha mkwe hakipokelewi kwa mkono mmoja hata uwe unazama. Nikaachia nguzo, nikadaka kwa mikono miwili, na kweli gurudumu likapungua, makofi yakapigwa, nikatabasamu. Kibuyu kikaanza kuniteleza. Asali ya mkwe imwagike? Nikakikumbatia kifuani.

Mungu wangu! Nilisahau somo langu mwenyewe, kwamba uzito ukivutwa katikati kasi inapanda. Gurudumu likachachamaa, nikaona miti, watu, miti, watu, kisha nikatua mapajani pa mama mkwe, kibuyu kimepasuka katikati yetu. Mama mkwe! Ambaye kwa mila hata macho hatukutakiwa kukutana, ndiyo maana alikaa kando amejifunika kitenge. Nikajaribu kuinuka, naye akainuka nami (asali ya Ugalla ni nzito, tuligandana).

"Nyie, mnatazama nini? Wabandueni!" baba mkwe akapiga kelele. Skola akakimbia analia. Nilijua nimemkosa.

Jibu lilikuja baada ya mwezi: nitoe mbuzi wa kufuta aibu, nimchukue Skola, ila kwa sharti moja la baba mkwe. Sharti hilo linashikwa mpaka leo nina wajukuu: nikifika Ugalla nikipewa kitu, ukoo mzima unasimama kuhakikisha nakipokea kwa mkono mmoja, na mwingine nimeshika mlango.