Udongo wa Bi Rukiya

Bi Rukiya wa Kibokoni, Mombasa, alikuwa na miaka kumi na mmoja katika kliniki ya watoto kule Al Jaddaf, Dubai, na kazi aliyosifiwa nayo haikuwa na cheti: kutuliza watoto wakati wa vipimo. Daktari anashika chombo, Bi Rukiya anashika mtoto. Aliimba, alikuna vichwa, alisema uongo mdogo mdogo wa kubembelezea.

Halafu mwaka 2016 akaletwa mbwa.

Jamani! Mbwa, ndani ya kliniki, na kitambulisho shingoni! Jina lake Biskuti, jike kubwa la rangi ya chai ya maziwa, na kazi yake ilikuwa ile ile ya Bi Rukiya: kukaa na watoto wanaoogopa. Kila Jumatatu na Alhamisi aliletwa na Martina, Mganda mpole aliyejifunza Kiswahili Nairobi. Bi Rukiya alikasirika, tusifichane. Aliona kazi yake imepewa mnyama. Na juu ya hasira kulikuwa na dini: kwao, mate ya mbwa yakikugusa, unaosha mara saba, na mara moja maji yachanganywe na udongo. Basi miezi minane alipita ameambaa ukuta, pindo la buibui mkononi. Hata chai ya Martina hakuionja. Akikaribishwa, "Nimeshiba, mwanangu," na huku tumbo linanguruma.

Kwa siku ya balaa alikuwa ameshajipanga. Pale mapokezi kuna chungu kikubwa cha maua. Udongo atauchota humo.

Alhamisi moja akaja Huda, mtoto wa miaka mitano, na baba yake Thuwein, mtu wa Dubai ambaye wazee wake walitoka Unguja na nyumbani kwao Kiswahili hakijakatika. Huda alitakiwa alale kimya dakika ishirini apigwe picha ya moyo. Mara mbili alishindwa. Alirusha mateke, akalia mpaka midomo ikabadilika rangi. Daktari alisema wazi kwamba leo akishindwa, itabidi apewe dawa ya usingizi, na hakuwa na hakika moyo ule utaistahimili. Thuwein akamgeukia Bi Rukiya.

Bi Rukiya akaimba. Wapi! Huda alijikunja pembeni mwa kitanda asitake kuguswa. Akaitwa Biskuti. Mtoto akaacha kulia, akamtazama mbwa, halafu akamtazama Bi Rukiya aliyejibana mlangoni.

"Anauma?"

"Haumi, mwanangu."

"Mbona wewe unamkimbia?"

Loh! Uongo wote wa miaka kumi na mmoja ulimwishia Bi Rukiya hapo hapo.

"Bi Rukiya, tafadhali," alisema Thuwein.

Akajiambia: mkono mkavu, manyoya makavu, hakuna neno. Akapiga bismillahi, akavuta kiti, akaweka kiganja juu ya kichwa cha Biskuti. Kilikuwa na joto. Hakulitegemea joto lile.

"Haya, na wewe," akamwambia Huda.

Huda akalala ubavu, akanyoosha mkono, akashika sikio. Biskuti akaegemeza kidevu ukingoni mwa kitanda, daktari akaanza kazi. Dakika ya tano haijesha, mbwa akageuka akamlamba Bi Rukiya kiganja kizima, kwa raha zake.

Huda alikuwa amemkazia macho. Mkono ule ungevutwa, kila kitu kingeharibika. Bi Rukiya alitaka kuuvuta, wallahi alitaka. Hakuuvuta.

"Ananisalimia tu," akasema.

Akakaa hivyo dakika kumi na tano zilizobaki, mkono umelowa, tabasamu limemganda usoni, mpaka daktari akasema, "Khalas." Picha zote zimepatikana, dawa ya usingizi haitakiwi tena. Thuwein akageukia ukuta akalia.

Bi Rukiya alitoka mbio hadi mapokezi, akatia mkono wake safi chunguni. Vijiwe vya plastiki! Na maua ya plastiki! Miaka yote anayapita, hajui. Jengo zima vioo na vigae, udongo wa kujaza kijiko haupo. Akasimama pale, mkono mwingine ameutenga na buibui, machozi yanamlengalenga.

Martina alikuwa amemfuata. Akafungua mkoba wa Biskuti, na kati ya brashi na taulo akatoa chupa ya udongo mkavu, uliochekechwa vizuri. Kwenye kifuniko pameandikwa kwa kalamu: Mama Rukiya.

"Ninao tangu mwezi wangu wa kwanza hapa," alisema. "Wenzako waliniambia kwa nini hunywi chai yangu. Nikajua siku moja atakulamba tu, huyu hana adabu."

"Miezi yote hiyo unanibebea udongo?"

"Si mzito, mama."

Bi Rukiya aliona aibu, akaona pa kuificha hapana. Wakaenda kwenye sinki, Martina akammiminia maji, na Huda, ameshavaa viatu, akasimama na baba yake akihesabu kwa sauti mpaka saba.

Bi Rukiya akajifuta. Akafunga chupa, akairudisha mkobani kwa mkono wake mwenyewe, karibu kabisa na pua ya Biskuti.

"Uwe unaijaza," akamwambia Martina. "Jumatatu tuna watoto wanne. Na hiyo chai yako iko wapi?"