Taya wa Rweya Yetu

Nilimweka mbuzi wa jirani yangu kwenye ramani ya wanyamapori, nikampaka na rangi ya kijani.

Mtafiti mmoja kutoka Bukoba mjini alikuwa akitenganisha makazi ya swala wadogo wawili: mbuzi mawe, anayeishi majabalini, na taya, wa kwenye nyasi. Alitaka kujua kila mmoja anaishia wapi huku kwetu, juu ya Nshamba. Mimi, kidato cha nne na mvivu wa kuvuka uzio wa nyumbani, nikapewa ramani na kalamu za rangi.

"Panda, ukaangalie nyayo," alisema.

Nikaangalia nikiwa kwenye benchi barazani. Jabali nikalipaka nyekundu: mbuzi mawe. Chini yake, kwenye rweya, uwanda wetu wa nyasi, nikaona kitu cha kahawia kinakula. Taya! Rweya yote ikawa kijani.

Ramani ikafika ofisi ya kijiji. Mwenyekiti akatangaza kwamba penye taya nyasi zisikatwe hadi mtafiti ahakikishe. Jirani yangu, mjane mwenye kibanja cha migomba na kahawa, alikuwa hajatandaza nyasi za kutunza unyevu hata kwenye shina moja, na kiangazi ndicho hicho. Akaja na mundu mkononi.

"Waitu, mwanangu, huyo taya wako ana kamba shingoni?"

"Kwa mbali, Mama, kamba haionekani."

"Na njia ya kupandia, inaonekana?"

Tukapanda. Magoti yangu yalilia kuliko mimi. Kwenye rweya tulikuta kigingi, kamba, na mbuzi wake akitafuna bila wasiwasi. Nilitafuta nyayo na kinyesi kila mahali, nikiomba taya awepo, hata mmoja, anifiche aibu. Hakuna. Juu kabisa, kwenye vumbi kati ya mawe, ndipo nilipoona alama ndogo za mbuzi mawe, anayesimama kwa ncha za kwato kama mtu anayenyata kwenye sakafu iliyopigwa deki.

Nikampigia mtafiti simu palepale, nikasema yote. Akaahidi kufuta kijani na kumwarifu mwenyekiti. Jioni nyasi zikaruhusiwa.

Asubuhi nilikuwa nimerudi barazani, miguu imevimba, najihesabu nimemaliza. Jirani akapita, akanitupia mundu wa pili miguuni.

"Mtafiti angekuchora wewe, makazi yako yanajulikana: benchi. Inuka, nyasi hazijibebi."