Koja Lililovishwa Mtungi

"Sharbanu kapata bwana," alisema Mama Rokon, akisugua sufuria kwa jivu kwenye ngazi za bwawa. "Mnacheka? Basi chekeni. Mjane mzima, anajifunika buibui mpaka kucha, anapanda kigari kwenda sokoni, anarudi mikono mitupu. Soko gani hilo lisilouza hata kitunguu?"

"Bwana mwenyewe atakuwa mgonjwa wa manjano," mwingine akadakia. "Kamvisha koja, likashuka likamfunga miguu, maskini hawezi kukimbia!"

Wakacheka mpaka bata wakaondoka majini. Jhorna hakucheka. Alikuwa akimwosha binti yake Tuli, na aliona haya kumcheka jirani waliyetenganishwa naye na ukuta mmoja tu wa mabati. Delwar, mume wake, alikuwa Dhaka akishona nguo kiwandani, akija sikukuu kwa sikukuu. Mwanamke anayelala na mtoto tu huzoea kusikiliza upande wa pili. Jhorna alimsikia Sharbanu akijikuna, khrr, khrr, kama mtu anayekuna nazi isiyokwisha. Mwenye bwana hajikuni hivyo.

Sharbanu alifunga makoja ya ugonjwa wa manjano, kazi aliyorithi kwa mama yake. Alikata vijiti vibichi vya mmea wa porini, akavifunga kwa uzi, fundo baada ya fundo, kisha akamvika mgonjwa kichwani kama kilemba kidogo. Siku zikipita koja hurefuka lenyewe. Hushuka shingoni, likaja kifuani, na likifika miguuni watu husema ugonjwa umetoka. Watu walimjia hata kutoka ng'ambo ya mto, macho yao kama maji ya bizari. Delwar naye alivikwa mwaka aliooa, akapona. Lakini aliyepona hakurudi kumjulia hali. Nani hupenda kupita tena kwenye mlango alioingia akiwa mgonjwa? Sharbanu hakuwa na mtoto. Akipika wali, kuku ndio waliomngoja amalize.

Siku ya chanjo Jhorna alimpeleka Tuli sokoni. Jua lilikuwa kali, na waliporudi akajibanza kwenye kibaraza cha maabara, jirani na duka la dawa. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, juu ya kibao, alikaa Sharbanu na mkono umenyooshwa, mpira umefungwa juu ya kiwiko. Binti wa maabara alikuwa akivuta damu.

"Khala, leo umekuja na nani?" binti aliuliza, akimwita mama mdogo kama vijana wote walivyomwita.

"Watu wangu wako nje."

Jhorna akatazama nje. Palikuwa na mbuzi mmoja na mwenye kigari amelala juu ya kigari chake.

"Kila siku wako nje," binti akasema, akibandika pamba. "Jumamosi waingie. Vimeng'enya vya ini vimepanda tena, Khala. Ini likiumia huvimwaga kwenye damu, ndivyo tunavyojua linaumia hata kama husikii maumivu. Daktari ameomba na kipimo cha virusi. Anataka akupe majibu ukiwa na mtu wako, akueleze dawa."

"Wana kazi nyingi," Sharbanu akasema. Akainua macho, yakakutana na ya Jhorna. Akavuta ushungi usoni.

Walirudi kwa kigari kimoja cha baiskeli, juu ya ubao wake, wamepeana migongo, miguu ikining'inia. Shamba la juti likaisha, likaanza jingine.

"Usinitangaze bwawani," Sharbanu akasema hatimaye.

"Nitangaze nini, Khala? Wenzangu wameshatangaza. Wanasema una bwana."

Sharbanu alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na Tuli naye akacheka bila kujua anachochekea.

"Waache. Heri bwana kuliko ini. Mfunga makoja akionekana anapimwa damu, nani atabisha hodi kwake? Na wagonjwa wasipokuja, Jhorna, kwangu haji mtu."

Ijumaa Jhorna alipika papai bichi bila mafuta, akambeba Tuli, akampelekea Sharbanu bakuli. Alimkuta ameketi sakafuni, ana koja mwilini, limemfika miguuni. Kwenye kona mtungi wa maji ulikuwa na koja jingine shingoni, nalo limeshuka hadi chini.

"Khala, mbona umeuvika mtungi?"

"Siku niliyojivika mimi, niliuvika na huo. Yote mawili yameshuka sawasawa." Alilishika la mtungini, akalizungusha vidoleni. "Sasa niambie, mtungi una manjano gani? Kijiti kikikauka hunywea, fundo likalegea, uzi ukaachia. Vidole vyangu vilijua tangu nikiwa msichana. Mimi ndiye sikuviuliza."

"Lakini Delwar alipona."

"Wengi hupona wenyewe. Wasiopona, jamaa zao hawakurudi kuniambia." Akaliachia la mtungini. "Koja langu limeshuka. Vimeng'enya vyangu bado vinapanda."

Jhorna alimsogezea bakuli.

Hapo hodi ikapigwa. Alikuwa mwanamke wa ng'ambo ya mto, amemshika mumewe mkono, na macho ya mume yalikuwa ya njano hata kwa mbali. Sharbanu aliwatazama muda mrefu. Vijiti vibichi vilikuwa pale pale, ndani ya beseni.

"Leo sifungi," akasema. "Mpeleke sokoni, maabara ile jirani na duka la dawa. Apimwe damu."

"Tumevuka mto kukufuata wewe, unatufukuza?"

"Anayefukuza haonyeshi njia, dada. Waambie nimewatuma mimi. Hata damu yangu wanaipima huko huko."

Yule mwanamke akatazamana na mumewe. Wakaondoka bila kuaga, na kwenye njia ya bwawani sauti ya Mama Rokon ikasikika ikiwauliza kulikoni. Basi. Hadi magharibi kijiji kizima kingejua.

Sharbanu alirudi kukaa. Alivua koja, akaliweka juu ya jingine, akala papai vijiko viwili. Tuli alikuwa ameshautambalia mtungi, anaupiga kofi.

"Sasa hawaji tena," Sharbanu alisema. Hakulia, ila mkono wenye alama za sindano ulikuwa ukitafuta pa kushika. "Nilikuwa nimeamua kesho nisiende maabara. Heri nisijue, nibaki na mlango wangu. Mlango wenyewe nimeshaufunga kwa mdomo wangu."

"Nenda, Khala."

"Nitaenda. Lakini yule binti ataniuliza tena nimekuja na nani." Akamgeukia Jhorna, bila ushungi usoni, na weupe wa macho yake ulikuwa umeingia rangi. "Njoo na Tuli, mkae pale kibarazani, mlangoni, ninapoweza kuwaona. Ukitaka kuingia, ingia. Usipotaka, kaa nje tu, mwanangu, ili nikisema watu wangu wako nje, wawe nje kweli."