Biskuti za Mama Zisizo na Sukari

Mama yangu alisoma Kurani kila baada ya sala ya alfajiri, kwa sauti, dirishani, hapa mtaani kwetu Biryogo. Ijumaa wanawake wa mtaani walikuja kukaa ukumbini wamsikilize, wengine hawajui hata alifu. Kwa hiyo daktari alipomwambia ana kisukari, na kwamba kikiachiwa kinaharibu miguu, figo na macho, Mama aliuliza habari za macho tu. Siku hiyohiyo akaacha sukari. Na Mama akisema ameacha kitu, ameacha.

Chai kavu ndiyo ilimshinda. Dada yangu mkubwa, anayekaa mtaa wa Remera na kufanya kazi ofisini, akamletea biskuti za wagonjwa wa sukari kutoka duka moja kubwa. Pakiti ya kijani, imechorwa jani na mwanamke mwembamba anayejipima kiuno. Mimi ni fundi cherehani, na yule mwanamke futi yake ya kupimia aliishika ovyo.

Upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kiarabu, maana mzigo ulitoka Dubai. Mama akavaa miwani, akafuata maandishi kwa kidole, herufi kwa herufi. Sisi wa Biryogo Kiarabu tunakisoma tu, hatukielewi, lakini neno sukari nani asilijue? Akasema imeandikwa humu hamna sukari, na maandishi haya hayawezi kumdanganya. Tangu hapo pakiti tupu hakuzitupa. Alizichoma kwenye mbabura, jiko letu la makaa, kama tunavyochoma karatasi yoyote yenye herufi za Kitabu.

Biskuti alizila asubuhi, akazila mchana, na wageni akawakaribisha. Andazi hakugusa. Sukari yake haikushuka. Muuguzi akamwambia, bibi, unatuficha. Mama akaapa wallahi. Dada akanipigia simu, akasema wazee ndivyo walivyo, nikague makabati. Nikakagua mpaka chini ya kitanda. Sikukuta kitu. Nikakaa mezani nimechoka, nikaanza kusoma pakiti kwa sababu ilikuwa mbele yangu, basi.

Mbele, kwa Kiingereza cha maandishi makubwa: bila sukari ya kuongezwa. Hilo la kuongezwa hata dada na Kiingereza chake aliliruka. Ubavuni, kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa: unga wa ngano, kisha sharubati ya tende, sharubati ya mchele, asali, maji ya zabibu yaliyokolezwa. Sukari ileile, wameigawa majina ili isitangulie unga kwenye orodha, maana orodha huanza na kilicho kingi. Kiasi cha sukari nacho walikiandika kuwa kidogo sana, na kando yake: kwa biskuti moja. Loo, nani anakula biskuti moja?

Nilimpigia dada. Akasema, lakini zilikuwa kwenye rafu ya wagonjwa wa sukari, tena ghali kuliko zote. Nikamwambia ndiyo. Akaanza kulia, nami nikashika simu nikisubiri amalize. Ningependa kusema nilikasirika. Nilikuwa nimekufa ganzi, huo ndio ukweli.

Mama nilimweleza jioni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaigeuza pakiti upande wa Kiarabu.

"Kwa herufi hizi?" aliuliza.

Nikamwambia wenye kiwanda wanaandika kwa herufi yoyote, wanachotaka ni kuuza. Aliinuka, akaitia pakiti kwenye pipa la taka mwenyewe, pamoja na maganda ya ndizi, akaenda kulala bila kula.

Sukari ikashuka. Macho hayakuwa yameisubiri, yalikuwa yameshaanza kufifia. Daktari wa macho alisema damu imevuja ndani, kilichopotea hakirudi, watajitahidi kulinda kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa mwanga na vivuli. Njia nzima ya kurudi nyumbani Mama alinishika mkono. Nilimpikia maharage, nikaosha vyombo, nikamalizia suti ya mteja. Kazi yangu ilikuwa safi kabisa, hata mteja alinisifu.

Ijumaa ilipofika, kabla ya wanawake kuingia, Mama aliniita.

"Kaa hapa ubavuni kwangu," akasema. "Nikikugusa goti, geuza ukurasa. Sitaki wajue."

Wakaingia, wakasalimia, wakakaa mkekani. Mama akafungua msahafu mapajani, akaanza Yasini, ile aliyoihifadhi tangu utotoni, na kidole kikatembea kutoka kulia kwenda kushoto bila kusita. Hakukosea hata herufi moja. Nikatazama ukurasa. Ilikuwa sura nyingine kabisa. Nilitaka kumfungulia Yasini yake, lakini wangesikia kurasa zikipekuliwa. Wanawake walikuwa wamefumba macho, wanatikisa vichwa taratibu.

Akanigusa goti. Nikageuza.