Pazia la Dobi wa Karama

Wasomaji wangu, dobi aliyekuwa akininyooshea kanzu kule Karama, hapa Dubai, amefariki. Alianguka asubuhi akijiandaa kwenda kazini. Nilipopata habari, mwili ulikuwa umeshasafirishwa kwao Kenya, bara, na mimi niliyekaa kwenye benchi lake miaka yote sikumsindikiza hata kwa dua. Safu hii haina desturi ya kutaja watu majina, lakini leo niseme kweli: hata ningetaka kutaja jina la baba yake, silijui. Nilimjua kama mtu anavyomjua dobi wake, kwa pasi yake na maneno yake machache. Mimi nina mengi. Shule niliiacha darasa la nne, na labda ndiyo sababu napenda sana kuwashauri wanaosoma.

Mtakumbuka niliandika hapa kuhusu vijana wetu wanaojiandikisha katika kile chuo kidogo cha jioni, kule Oud Metha, kujifunza kuhudumia wagonjwa au kazi za mapokezi, kisha wanaacha katikati. Sisi wazee tulikuwa tumekaa kikao, tukawanunulia mikoba na kalamu, tukapiga picha. Walipoendelea kuacha, nikaandika kwamba hawana bidii, wamelewa simu. Nikatoa na mfano wa binti mmoja, msafishaji wa kliniki, niliyemkuta kwenye ngazi za chuo akigeuza njia. Nilimuuliza, "Masomo yamekushinda, binti?" Akanijibu, "Masomo hayajanishinda, mzee," akaenda zake. Nikaliita jibu lile kiburi, nikalichapisha. Watu wakanipongeza hadi msibani.

Dobi hakunipongeza. Alikuwa akinyunyizia maji kola ya shati, hakuinua hata macho. "Umeandika vizuri, mzee wangu. Sasa ulimuuliza ni nini kimemshinda?" Nikasema mvivu haulizwi. "Basi kaa hapo, kanzu yako bado," akasema, na huku naiona imening'inia tayari. Nikakaa. Haikupita muda akaingia binti yule yule, na sare ya kampuni, jina la kampuni mgongoni, harufu ya dawa ya kusafishia ikimtangulia. Akachukua gauni lililonyooshwa, akaingia nyuma ya pazia, akatoka mtu mwingine. "Yalla, daktari, utachelewa!" dobi akamwambia. "Leo tunafundishwa kumwinua mgonjwa kitandani, baba." "Anza na huu mgongo wangu." Wakacheka. Kisha akaniona. "Ai, si huyu ndiye mzee wa gazeti? Mzee, simu yangu hii hapa, imevunjika kioo. Hainileweshi."

Alipotoka, dobi akanieleza. Basi la kampuni huwachukua wafanyakazi jioni kuwapeleka kambini, mbali huko jangwani. Akilipanda, darasa limempita. Kazini ni marufuku kubadilisha nguo. Kwa hiyo alikuwa akiingia darasani na sare, na wenzake wa maofisini wakawa wanasogeza viti. "Mtu akisogezewa kiti mara mbili, mzee, ya tatu hakai." Nikamuuliza, arbab wake, mwenye duka, amekubali pazia lile? "Alisema hapa ni duka, si hosteli. Nikamwambia nitamfungulia mapema kila siku. Akasema khalas, haya basi, ila wasijazane."

Tunapenda kuwaambia vijana kwamba mficha uchi hazai. Ni kweli. Lakini angemwonyesha nani? Mimi, ambaye ningeuandika gazetini? Kikao kizima cha watu wazima, na hakuna aliyefikiri kwamba mtu anaweza kushindwa shule kwa kukosa pa kubadilisha nguo. Tulikuwa na haraka ya picha.

Juzi nilimkuta binti nje ya duka lile, gauni kwenye mfuko wa plastiki. Dobi mpya ameambiwa pazia litolewe. Mtihani wake wa mwisho u karibu. "Mzee, wewe una mahali?" Ninaishi Bur Dubai, chumba kimoja na wanaume watano. Nikamwambia sina, labda leo apumzike tu. "Nikipumzika leo sirudi tena. Najijua." Nikamwambia twende. Nikampeleka mkahawa wa jirani na chuo, ninakokunywa chai tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, nikaanza kumpa mwenye mkahawa hotuba ndefu ya utangulizi. Akanikatiza. "Mzee, anataka choo cha wanawake abadilishe nguo? Si mlango huo! Kila jioni aje, kwani ni la kuombwa?" Binti akaingia, akatoka na gauni lake, akawahi darasa. Mimi nikabaki na kikombe. Mlango ule ulikuwa nyuma ya kiti changu miaka yote niliyoketi pale nikiwasema.

Kwa hiyo, wenzangu tunaopenda kushauri: kabla ya kumwambia mtu ajikaze, muulize amekwama wapi. Na akishakwambia, usitafute kalamu. Geuka kwanza utazame ulipokaa.